Gauni la Tai Mia na Ishirini

Watu wengi wakiona lundo la tai kuukuu huona lundo la tai kuukuu, wakapita. Sharubati hakupita, na ndiyo maana leo tunamsimulia yeye na hatuwasimulii wao.

Asubuhi hiyo alikuwa soko la mitumba akitafuta kivuli na mtu wa kumwamini, vitu viwili ambavyo mji ule haujawahi kumnyima. Jina alilopewa na mama yake alilijua mama yake, naye alikwisha kutangulia mbele ya haki zamani. Mji mzima ulimwita Sharubati kwa sababu maneno yake yalishuka kooni bila kutafunwa. Alikuwa na suti moja ya kijivu, na suti hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake, cheti chake na barua yake ya utambulisho. Aliipiga pasi kwa uchaji ambao wengine huuweka kwa ajili ya ibada.

Muuza mitumba alikuwa amekalia robota zima la tai, kidevu mkononi.

"Vipi mzee, biashara?" Sharubati aliuliza.

"Biashara gani? Ofisi zimewaruhusu watu wao waende shingo wazi. Mimi nimenunua robota nikijua ni mashati, nimelifungua mbele ya wateja kwa mbwembwe zote, kumbe tai tupu! Wanaonunua ni wauza mkaa tu. Wanafungia magunia."

Sharubati aliokota moja ya bluu yenye vidoadoa. Ilikuwa hariri, imechakaa pembeni lakini bado inang'aa. Alipoinua macho aliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo juu ya kichwa cha yule mzee. Chama cha mafundi cherehani kilikuwa kinaandaa shindano la kushona nguo mpya kutokana na nguo kuukuu, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kila mshindani ashone kwa mkono wake mwenyewe. Zawadi: chumba cha duka barabara kuu, kioo mbele, mwaka mzima bila kodi.

Alisoma mara mbili. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo, kama mji ungekuwa na akili, ungelipigia king'ora.

Alijua wanawake wawili. Mmoja alijua kushona kuliko mtu yeyote mjini na hakuna aliyemjua. Wa pili alijulikana na kila mtu, alikuwa na hamu ya kuitwa mbunifu wa mavazi, na hakuweza kutia uzi kwenye sindano. Katikati ya wanawake hao palikuwa na nafasi ya kumtosha mwanamume mmoja mwembamba mwenye suti ya kijivu.

"Nipe zote," alimwambia mzee.

"Zote? Una magunia mangapi?"

Wa pili tuanze naye, kwa kuwa yeye ndiye ambaye Sharubati alimwendea kwanza. Aliitwa Madamu Vioo. Duka lake la nguo lilikuwa na vioo kuta zote nne, na ukiingia unajiona mara kumi na sita ukiwa umekosa pesa. Kazi yake kubwa ilikuwa kubandua nembo moja na kubandika nyingine. Chumba cha duka hakukihitaji, alikuwa navyo vitatu. Alichotaka ni kusimama jukwaani apigiwe makofi na mafundi walewale waliomcheka pembeni.

Sharubati aliiweka tai ya vidoadoa juu ya meza ya kioo, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Madamu, unaiona hii?"

"Naiona. Imechakaa."

"Imechakaa kwa heshima. Hii ilikuwa shingoni mwa balozi siku nchi mbili zilipotia saini amani. Walikuwa wamegombana miaka saba. Tazama hapa, hili doa."

"Damu?"

"Supu. Walikula baada ya kusaini."

Madamu aliinama akaliangalia doa kwa adabu. Sharubati akatoa nyingine, ya daktari aliyetenganisha mapacha, na nyingine ya hakimu ambaye hajawahi kupokea hata soda. Ninazo mia na ishirini, alisema. Ninaye fundi wa nje ya nchi ambaye hataki jina lake litajwe. Atakutengenezea gauni moja ambalo binadamu hajawahi kulivaa, nawe utalipandisha jukwaani kwa jina lako.

"Tangazo linasema mtu ashone mwenyewe."

"Na wewe utakuwa umelishona, Madamu. Nani mwingine ana wazo kama hili?"

Madamu alijitazama kwenye vioo. Madamu wote kumi na sita waliona kwamba kweli, wazo lilikuwa lao. Hivyo ndivyo Sharubati alivyomvisha mtu kilemba cha ukoka, na mtu akauliza kama kuna cha rangi nyingine.

"Hela sitoi," Madamu alisema, maana hakuwa mjinga wa kila siku. "Nikishika gauni, wewe utashika huu." Akagusa mkufu wa dhahabu shingoni, mzito, wa pete nene. "Siyo kabla."

"Siyo kabla," Sharubati alikubali, akimeza mate.

Vipimo alivichukua yeye mwenyewe, kwani haikufaa fundi yeyote wa mjini ajue. Madamu alisimama wima, akavuta tumbo ndani, akatoa amri. "Bega hadi sakafuni, pima pande zote mbili. Mafundi hupima upande mmoja halafu wananionea." Sharubati alipima pande zote mbili, akaandika yote kwenye kipande cha karatasi, akala kona kabla Madamu hajatoa pumzi.

Sasa huyu wa kwanza. Aliitwa Bi Pindo, na jina hilo alilipata kwa sababu angeweza kukuacha uende na kola iliyopinda lakini si na pindo lisilo sawa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameweka cherehani yake kwenye baraza la duka la viatu. Mwezi huo mwenye duka alikuwa amemwambia, kwa upole, kwamba baraza linajengwa kioo na kuwekwa simu, hivyo ikifika tarehe moja ajitafutie mahali. Bi Pindo alikuwa amezunguka mji wiki nzima akiuliza baraza, ukumbi, ngazi, chochote. Hakupata. Mtu wa umri wake akiondolewa barabarani, wateja humsahau kabla pasi yake haijapoa, na hilo alilijua vizuri na lilimnyima usingizi.

Alikuwa pia mama mdogo wa Sharubati, tumbo moja na marehemu mama yake. Alimlea tangu akiwa na miaka tisa, kwa cherehani hiyohiyo. Naomba msomaji asiniulize Sharubati alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa wa namna hiyo.

"Mama mdogo!" aliita kutoka mbali, mifuko miwili ya tai mabegani. "Chumba chako kimepatikana!"

Akamweleza shindano. Akamwambia amekwisha kumwandikisha. Akamwambia ashone tu, yeye atapeleka gauni, atatafuta wa kulivaa, atasimamia kila kitu. Bi Pindo aliacha kukanyaga cherehani. Aliivua miwani, akaifuta kwa kanga ya begani, akaivaa tena.

"Chumba chenye kioo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kioo kuanzia hapa hadi pale. Watu watakuona ukishona kama unaoneshwa kwenye televisheni."

"Mwanangu." Alimshika mkono. "Kumbe unanifikiria."

Sharubati alitazama viatu vyake. Lilikuwa jambo dogo, halikuchukua muda. Kisha akatoa karatasi ya vipimo.

"Hivi ni vya msichana atakayelivaa. Mwanamitindo, miaka ishirini na miwili, mwembamba."

Bi Pindo alisoma. Akasogeza karatasi kwenye mwanga akasoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Ana afya," alisema.

"Afya tele, mama mdogo."

"Na bega la kushoto limeshuka nusu inchi?"

"Anabeba mkoba. Wanafunzi wa siku hizi, vitabu vizito."

Bi Pindo hakuuliza tena. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake, akaangalia watu wakipita barabarani. Halafu akasema, "Lete tai."

Siku zilizofuata Sharubati alikuja kila jioni, kukagua, kunywa chai na kusifia. Alikuta baraza limefunikwa hariri ya kila rangi. Bi Pindo alifungua tai moja baada ya nyingine, na hakutumia mkasi.

"Angalia," alimwambia. "Nyuma, hapa kwenye ncha nyembamba, kuna kitanzi kidogo cha uzi. Unakiona?"

"Nakiona," Sharubati alisema, macho kwenye simu.

Bi Pindo alikitia kidole akavuta. Tai ilifunguka yote, juu hadi chini, kimyakimya. "Tai nzima imeshikwa na uzi mmoja tu, na umelegezwa makusudi ili mtu akiikaza shingoni isikatike. Ukijua pa kushika, unaifungua kwa kidole kimoja."

"Mambo makubwa hayo."

Ndani ya kila tai mlikuwa na kitambaa kizito cheupe cha sufu, na bitana laini nchani. Bi Pindo aliutoa utumbo huo akauweka kwenye kapu.

"Hizo takataka zinaenda wapi?"

"Nitajazia mto."

Siku ya nne alimwonya. Alimkalisha kabisa, akamnyang'anya simu. "Nisikilize vizuri. Tai hukatwa mshazari, kona kwa kona, ndiyo maana inafungika. Kitambaa cha mshazari hakitulii. Ukikishona gauni, kinashuka chenyewe kwa uzito wake, huku sana, huku kidogo. Kwa hiyo gauni likiisha linaning'inizwa siku tatu. Lishuke linavyotaka. Ndipo unasawazisha pindo."

"Na likiisha lini?"

"Ijumaa jioni."

"Shindano ni Jumamosi, mama mdogo."

"Ndiyo. Tungeanza mapema, au nipunguze tai."

"Punguza? Mia na ishirini ndiyo habari yenyewe!" Alikuwa amemwahidi Madamu mia na ishirini, na mshenzi naye ana ahadi zake. "Lisawazishe hiyo hiyo Ijumaa. Nani ataona?"

"Nimekuambia siku tatu."

"Nimesikia."

"Umesikia," Bi Pindo alisema, akaendelea kushona.

Alhamisi Sharubati aliomba jambo moja jingine. Alitaka mfuko wa ndani kwenye koti lake, kati ya kitambaa na bitana, usioonekana hata na aliyelivaa.

"Wa kuweka nini?"

"Nyaraka."

"Lete koti," alisema mama mdogo.

Ijumaa jioni vyote vilikuwa tayari. Mfuko ulikuwa kazi ya hali ya juu, Sharubati aliutafuta kwa mkono akaukosa mara mbili. Na gauni! Nimeishiwa maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Tai zilianzia mabegani nyembamba zikapanuka zikiteremka, mistari ikikutana na vidoadoa, bluu ikiingia kwenye zambarau, na chini kabisa ncha mia na ishirini zilichezacheza ukilitikisa. Pindo lilikuwa sawa kama limepigwa rula. Ijumaa hiyo, lilikuwa sawa.

Jumamosi saa mbili asubuhi gauni lilifika kwa Madamu Vioo kwa mlango wa nyuma. Madamu alilivaa, akajigeuza, vioo vikajaa rangi. Akavua mkufu bila kuombwa. Sharubati aliufunga kwenye leso, akautumbukiza kwenye mfuko wa siri, na kuanzia hapo hakuugusa tena. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya kazi yake: anayepapasapapasa mfuko anautangazia mji kilichomo. Usiguse mpaka mji uwe nyuma yako. Basi lake lilikuwa la saa sita.

Kulibaki kipengele kimoja tu. Shindano lilikuwa saa nne, ukumbi wenyewe mitaa miwili kutoka barazani. Ikiwa Bi Pindo angeingia na kuona gauni lake mwilini mwa mtu mwingine, kelele zingefika stendi kabla ya basi. Sharubati akapitia kwake.

Alimkuta amevaa gauni lake la kutokea, kapu miguuni, amekaa nyuma ya cherehani akimsubiri.

"Pole, mama mdogo," alisema. "Nimetoka ukumbini sasa hivi. Shindano limeahirishwa. Jaji mkuu anaumwa. Wamesema Jumamosi ijayo."

Bi Pindo alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko habari ile ilivyostahili.

"Anaumwa sana?"

"Homa."

"Limeahirishwa."

"Jumamosi ijayo, saa hizihizi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Na huna jambo jingine la kuniambia, mwanangu?"

"Jambo gani?"

Bi Pindo aliinuka. Macho yake yalikuwa na maji, na Sharubati alidhani ni kwa sababu ya chumba. "Haya. Subiri kwanza, usitoke hivyo. Una uzi unaning'inia hapo nyuma." Alipitisha mkono chini ya koti, akavuta kidogo, akampangusa mgongo kama alivyokuwa akimpangusa alipokuwa akienda shule. Kisha akamkumbatia kwa nguvu, akamrekebishia kitambaa cha mfuko wa kifuani.

"Nenda salama."

Sharubati aliondoka na kitu kifuani kilichofanana na aibu. Kilidumu kutoka barazani hadi kona ya kwanza, akakisingizia chai.

Yaliyotokea ukumbini hakuyaona, basi itabidi nimsaidie. Jaji mkuu alikuwa mwalimu mstaafu wa ushonaji, mzima kama chuma cha pasi. Alikuwa na tabia moja iliyowatetemesha mafundi wa mji: kabla hajaitazama nguo nje, aliigeuza ndani. Washindani walikuwa ishirini na wawili. Madamu Vioo alikuwa wa ishirini na moja.

Gauni la tai mia na ishirini halikaliki. Madamu alisimama nyuma ya pazia kutoka saa nne hadi karibu saa saba, kwenye joto, na kwa saa hizo tatu tai zilikumbuka zilivyokatwa. Zilishuka. Kushoto, upande wa bega lililoinama, zilishuka zaidi. Alipoitwa jina, ncha zilikuwa zimefika sakafuni. Alipofika katikati ya jukwaa alikuwa amezikanyaga mara mbili, na anatembea kama mtu anayevuka tope.

Lakini watu walishangilia, maana lilikuwa gauni la ajabu, na Madamu akapata nguvu.

"Tai hii ya kifuani," alitangaza, "ilikuwepo nchi mbili zikitia saini amani!"

"Ile ya vidoadoa?" sauti iliuliza kutoka viti vya nyuma. Alikuwa muuza mitumba. "Hiyo ilikuwa iende kufungia gunia la mkaa!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alipiga magoti, akaligeuza pindo, akatazama mshono wa ndani kwa kitambo.

"Mshono huu ni wa fundi," alisema. "Fundi hasa. Ndiyo maana sielewi. Hili ni gauni la mshazari. Lilining'inia siku ngapi?"

"Lili... nini?"

"Lilining'inia siku ngapi?"

"Lilining'inia kwenye gari," Madamu alisema. "Tangu nyumbani hadi hapa."

Mwalimu alimpa sindano na uzi, akamwomba apandishe pindo kidogo, inchi tatu tu, watu waone mkono wake. Madamu alilamba uzi. Akaulamba tena. Mara ya tatu uzi ulikuwa umelowa, sindano imeanguka kwenye ncha mia na ishirini na haijulikani ilipo, na Madamu akapaza sauti akisema kuna mwanamume mmoja wa suti ya kijivu ambaye akimkamata atamshonea kaburi.

"Hilo nalo itabidi ulishone mwenyewe," Mwalimu alisema. "Namba ishirini na mbili!"

Aliyepanda ni Bi Pindo, akatoa kwenye kapu koti refu jeupe. Siku ileile aliyoletewa karatasi ya vipimo alikuwa amekwenda kwa miguu yake hadi kwa Mwalimu, akajiandikisha. Koti hilo alilishona usiku, nyumbani, kwa ule utumbo wa tai: sufu iliyokaa gizani miaka na miaka ikiwasitiri wakubwa shingoni bila kuonekana. Bitana ilikuwa vile vipande laini vya nchani, mia na ishirini, kila kimoja na rangi yake. Mwalimu aliligeuza ndani. Ukumbi ukainuka vitini, kwa sababu ndani palikuwa pazuri kuliko nje, na nje palikuwa pazuri sana.

"Lilining'inia?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu Jumatano," Bi Pindo alisema.

Chumba kilikuwa chake. Alikaa chini pale pale jukwaani, akalia waziwazi mbele ya watu, wala hakujificha kwa kanga. Alipomaliza alikwenda nyuma ya pazia, ambako Madamu Vioo alikuwa amekaa sakafuni kwenye dimbwi la tai, akamwekea leso mapajani. Madamu aliifungua, akauona mkufu wake.

"Bega lako nalijua tangu nilipokushonea gauni la harusi," Bi Pindo alimwambia. "Ile harusi ya kwanza. Liache gauni kwangu lining'inie siku tatu. Utalipa mshono wa kawaida."

Wakati huo basi la saa sita lilikuwa limeuacha mji nyuma kwa saa nzima. Sharubati alijinyoosha kwenye kiti, akaona sasa kanuni inamruhusu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa siri.

Mkono uliingia. Ukaendelea kuingia. Ukatokea chini ya koti, vidole vitano vikimpungia abiria wa jirani, ambaye aliona adabu kuvipungia pia.

Sharubati alivua koti, akalikung'uta, akatafuta chini ya kiti, chini ya kiti cha jirani, chini ya jirani mwenyewe. Jasho likamtoka. Alichomoa kitambaa cha kifuani ajifute, na karatasi iliyokunjwa mara nne ikamdondokea magotini. Ilikuwa karatasi yake ya vipimo. Nyuma yake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya vitambaa, paliandikwa:

*Mwanangu. Fundi hasahau mwili aliouvisha. Nimejua gauni ni la nani siku uliponipa karatasi hii. Mfuko wako nimeushona kama tai, kwa uzi mmoja. Nilijua utapita kwangu kabla ya kuondoka. Nikasema, akiniambia kweli, hata nusu yake, uzi nauacha na karatasi naichana. Kama unasoma hapa, basi hukuniambia.*

Alicheka kwanza. Alicheka kwa heshima, kama mtu wa kazi anayeiona kazi nzuri. Akakumbuka mkono ukimpangusa mgongo, na swali lile, huna jambo jingine la kuniambia, na kicheko kikamwisha katikati. Alisoma mstari wa mwisho tena na tena. Kisha akasimama.

"Shusha!"

"Hapa hakuna kituo, bosi," utingo alisema.

"Shusha tu."

Alirudi mjini Jumanne, amepauka, suti imekunjamana, hana hata neno alilojiandalia njiani. Kioo cha duka jipya barabara kuu kilikuwa kimefutwa kinang'aa. Ndani, cherehani ya zamani ilikuwa mahali pake, na Madamu Vioo alikuwa amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni la tai mia na ishirini.

Sharubati alisimama mlangoni. Alifungua mdomo.

"Umechukua siku tatu," Bi Pindo alisema bila kuinua macho. "Ndivyo inavyotakiwa. Piga magoti hapo. Pindo linaanzia kushoto."

Alipiga magoti miguuni pa Madamu. Mama mdogo akampa rula, akampa chaki, akammwagia kiganjani pini za kutosha pindo zima.

"Pini zinakaa mdomoni," alimwambia. "Katikati ya midomo, zote. Na usiongee, utazimeza."

Juu ya kigoda Madamu Vioo alivuta pumzi ndefu. Alikuwa na mengi ya kusema, tangu Jumamosi, na alianza na balozi. Watu walisimama nje ya kioo kutazama. Sharubati, mdomo umejaa pini, alisikiliza yote.